Glavu ndogo ya inchi 9.5 na mikono ya Ron Washington: tathmini ya mzazi baada ya miezi minne

Glavu niliyoinunua mwezi wa tatu ni ndogo kiasi kwamba mwanangu mwenye miaka 12, alipoivaa kwa mara ya kwanza, aliigeuza mbele na nyuma, akanitazama, kisha akaniambia kwa upole kama mtu anayemwonea huruma mzazi wake, "Mama, umekosea, hii ni ya mtoto wa chekechea." Sikuwa nimekosea. Ni glavu ya mazoezi ya besiboli yenye inchi 9.5, yaani kama sentimita 24 kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mwisho wa kiganja, ilhali glavu ya kawaida ya mchezaji anayesimama kati ya bezi ya pili na ya tatu (bezi ni vituo ambavyo mkimbiaji hupitia) huwa na inchi 11.5 hivi. Kwa maneno, tofauti ya inchi mbili ni jambo dogo, lakini mpira unapokuja chini kwa kasi ni jambo kubwa. Mpira wa besiboli una mzingo wa sentimita 23 na ushei, kwa hiyo ukiuweka ndani ya glavu hii unajaa kiganja chote. Hakuna nafasi ya ziada wala wavu mpana wa ngozi wa kuunasa mpira uliokosewa. Ukiupokea katikati ya kiganja unakaa, na ukiupokea pembeni unadondoka mbele ya macho ya kila mtu.

Ninaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa Texas na kwingineko Marekani, ambao watoto wao wameupenda mchezo ambao sisi hatukukua nao, na ambao kila msimu hujikuta wakisimama dukani mbele ya ukuta uliojaa glavu wasijue ipi ni ya lazima na ipi ni ya kupoteza fedha. Glavu ya mazoezi haimo katika orodha ya vifaa ambavyo ligi ya watoto inavitaka. Nililipa dola 64 pamoja na kodi kwa kitu ambacho hakiruhusiwi na kocha wetu katika mechi, na kama mtu angeniuliza dukani kwa nini, ningemjibu kwa jina moja tu: Ron Washington.

Nilihamia Arlington mwaka 2008, na mtu huyo alikuwa meneja wa timu ya mji wetu, Texas Rangers. Sikujua chochote kuhusu besiboli. Kilichonivuta kwake ni kwamba kabla ya mechi, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao, unaweza kumwona amesimama na gongo jembamba la mazoezi akiwapigia wachezaji wake mipira ya kutambaa, mmoja baada ya mwingine, huku akisema nao bila kunyamaza. Meneja wa timu ana wasaidizi wa kufanya kazi hiyo. Yeye hakuona sababu ya kumwachia mtu mwingine kazi aliyoipenda kuliko zote.

Washington alizaliwa New Orleans tarehe 29 Aprili 1952. Mwaka 1970 alisajiliwa na Kansas City Royals na kuingia katika chuo ambacho mmiliki wa timu hiyo, Ewing Kauffman, alikifungua Florida kwa wazo ambalo watu wengi wa besiboli walilitilia shaka: kuwachukua vijana wenye mbio na wepesi wa mwili, hata kama timu nyingine hazikuwataka, na kuwafundisha mchezo kutoka mwanzo, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi anavyofundishwa herufi. Chuo hicho hakikudumu, kwani kilifungwa mwaka 1974. Kilimtoa Frank White, aliyeshinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mdakaji bora wa nafasi yake, mara 8 kwenye bezi ya pili, na kilimtoa Washington, ambaye hakushinda hata moja.

Maisha yake ya uchezaji niliyasoma kwa makini, na nadhani ndiyo yanayoieleza glavu hii kuliko tangazo lolote la duka. Alipanda ligi kuu mwezi wa Septemba 1977 akiwa na Los Angeles Dodgers, akacheza mechi 10, kisha akarudi ligi ndogo, na hakuonekana tena ligi kuu hadi mwaka 1981 alipokuwa na Minnesota Twins. Alikuwa na umri wa miaka 29, umri ambao wachezaji wengi wameshakata tamaa au wameshatajirika. Katika misimu yake yote ni mmoja tu, wa 1982, ambao alicheza zaidi ya mechi 100. Baada ya Minnesota alipita Baltimore, Cleveland na Houston, mwaka mmoja kila mahali, na alipomaliza mwaka 1989 alikuwa amecheza mechi 564, wastani wake wa kupiga ukiwa .261, yaani alifanikiwa kama mara 26 kati ya 100, na mipira iliyovuka ukuta ikiwa 20 tu. Leo aliwekwa bezi ya pili, kesho bezi ya tatu, keshokutwa katikati yao, kulingana na nani ameumia au nani amechoka. Mchezaji wa namna hiyo hana gongo la kumtetea. Akiangusha mipira miwili anarudishwa ligi ndogo, kwa hiyo anajifunza kuidaka kama mtu anayejua kwamba chakula cha watoto kimo ndani ya kiganja chake.

Baada ya kustaafu alifundisha katika timu za chini za New York Mets, na mwaka 1996 akaingia Oakland Athletics, akakaa huko hadi 2006. Hapo ndipo jina lake lilipojulikana miongoni mwa watu wa mchezo, ingawa mashabiki wa kawaida walichelewa. Kijana Eric Chavez aliingia ligi kuu mwaka 1998 akisifiwa kwa gongo lake, na udakaji wake kwenye bezi ya tatu ukitiliwa mashaka. Washington alimchukua kila siku, mapema, kabla ya mazoezi ya timu, na kuanzia 2001 hadi 2006 Chavez alishinda Glavu ya Dhahabu kila mwaka, mara 6 mfululizo. Moja ya tuzo hizo, ile ya mwaka 2004, alimpa Washington, ikiwa na maandishi mafupi yaliyomwambia kwamba bila yeye isingepatikana. Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Mtu aliyecheza kwa miaka mingi bila tuzo alikabidhiwa tuzo na mwanafunzi wake, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kila aliyekuwa pale alijua mikono ile imetoka wapi.

Kisha kuna Scott Hatteberg, ambaye mfano wake ndio ulionipa moyo wa kumfundisha mwanangu mwenyewe. Hatteberg alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, lakini kiwiko chake kiliumia hata akashindwa kurusha kama zamani, na Oakland wakamchukua wakitaka asimame bezi ya kwanza, mahali ambapo hakuwahi kucheza katika ligi kuu. Aliyepewa kazi ya kumgeuza alikuwa Washington. Hatteberg hakuwa mtoto wa kufinyangwa. Alikuwa mtu mzima aliyezoea namna moja ya kudaka. Msimu wa 2002 alisimama bezi ya kwanza mechi baada ya mechi, na tarehe 4 Septemba mwaka huo ndiye aliyepiga mpira uliovuka ukuta na kuwapa Oakland ushindi wa 20 mfululizo, siku ambayo walikuwa wameongoza 11 kwa 0 kisha wakaachia Kansas City wasawazishe. Watu wanakumbuka kile kipigo. Mimi huwa ninafikiria asubuhi zilizotangulia, ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Sasa nirudi kwenye glavu yenyewe, kwa maana mtu anaweza kuuliza hayo yote yanahusiana vipi na kipande cha ngozi cha dola 64.

Zoezi maarufu la Washington ni hili. Mchezaji anapiga magoti chini akiwa na glavu ndogo. Kocha anasimama hatua chache mbele yake na kumpigia mipira mifupi ya chini, mmoja unadunda karibu kabisa na glavu, mwingine unakwenda kushoto, mwingine kulia ambako lazima mkono ugeuzwe. Kwa kuwa amepiga magoti, miguu haiwezi kumsaidia wala kumficha. Kwa kuwa glavu ni ndogo, ngozi nayo haiwezi kumficha. Inabaki mikono na macho. Ukiwa na glavu kubwa unaweza kuuchelewa mpira, ukaufukuzia, ukaunasa kwenye wavu ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, na mzazi aliye jukwaani akapiga makofi; glavu ndogo inakuambia palepale kwamba ulichelewa. Inamlazimisha mtoto aitangulize mikono mbele ya mwili wake, mahali ambapo jicho linaona mpira na glavu kwa pamoja, na inamlazimisha mkono wa pili uwepo karibu, tayari kuuchukua mpira na kuurusha. Mchezaji wa ndani ya uwanja, yaani wa karibu na bezi, hana sekunde za kutafuta mpira ndani ya glavu yake. Anayetaka kuwatoa wakimbiaji wawili kwa mpigo mmoja lazima mpira utoke glavuni kana kwamba haukuingia.

Wachezaji wa ligi kuu walifanya zoezi hilo mbele ya Washington hata walipokwisha kuwa mabingwa. Alipokuwa kocha wa Atlanta Braves kuanzia 2017 hadi 2023, Dansby Swanson, Ozzie Albies, Austin Riley na Freddie Freeman walikuwa miongoni mwa waliopita mikononi mwake. Ukimwona mtu anayelipwa mamilioni amepiga magoti kwenye nyasi akiwa na kiglavu kama cha mtoto, unaacha kuona aibu kumpigisha magoti mwanao nyuma ya nyumba.

Nasi tulianza nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha zulia la zamani nilichokitandika ili magoti yasichubuke. Mimi siwezi kupiga mpira kwa gongo mahali ninapotaka, kwa hiyo nilikuwa ninaurusha kwa mkono, kutoka umbali wa kama mita tatu, ili udunde hatua moja mbele ya glavu. Siku ya kwanza zaidi ya nusu ya mipira ilimponyoka. Mingine ilimpiga kifuani, mmoja ukampiga kidevuni, na nikaingia ndani kuleta barafu huku nikijiuliza kama ninamtesa mtoto. Jioni ya tatu niliona kosa lake, nami si kocha. Mkono wake ulikuwa unaukurupukia mpira. Ulikuwa unaufuata kwa nguvu, kama mtu anayemkamata kuku, na mpira ulikuwa unagonga kiganja kigumu na kuruka.

Nilichokifanya nakumbuka vizuri kwa sababu kilinitoka bila kukipanga. Niliokota kokoto kwenye kitanda cha maua, nikachimba kishimo kidogo, nikamfundisha mdako. Nilicheza mdako chini ya mwembe huko Korogwe hadi kucha zikaisha. Wanaoujua mchezo huu hawahitaji maelezo: unarusha jiwe moja juu, unazichota nyingine kutoka kishimoni, kisha unalipokea lile la juu kabla halijaanguka, na ukilipokea kwa kiganja kilichokaza linadunda na kutoka, kwa hiyo mkono hujifunza wenyewe kushuka kidogo pamoja na jiwe. Mwanangu alicheka, akakosa, akakasirika, akaendelea. Tuliporudi kwenye zulia nikamwambia, "Pokea kama jiwe la mdako." Mpira wa nne au wa tano ulipoingia, ulitoa mlio wa chini, mzito, tofauti kabisa na ule wa kugonga. Sote wawili tuliusikia. Tangu siku hiyo hatuhesabu mipira iliyodakwa, tunasikiliza mlio.

Kuhusu ubora wa kifaa chenyewe, nina sifa na nina malalamiko. Ngozi ni nzuri, ngumu mwanzoni kama ilivyo kawaida, nasi tulitumia kama wiki mbili za kudaka kila siku na mafuta kidogo sana ya ngozi ya glavu kabla haijaanza kufunguka na kufumba bila kulazimishwa. Msiimwagie mafuta. Ngozi iliyoshiba mafuta huwa nzito na huchukua umbo baya. Na msiiache ndani ya gari katika kiangazi cha Texas hata kwa mchana mmoja, kwani joto la ndani ya gari huikausha ngozi na kuikakamaza hata mishono ikaanza kuvuta. Kiganja chake ni bapa na hakina kina, jambo ambalo kwa glavu ya mechi lingekuwa kasoro, lakini kwa glavu ya mazoezi ndilo ninalolilipia.

Malalamiko yangu ni ya kamba. Katika wiki ya tano kamba ya ngozi inayoshikilia wavu ililegea, na siku chache baadaye mshono ulio kwenye kidole gumba ulikatika nyuzi mbili. Kwa bidhaa inayouzwa kwa ajili ya kupokea mamia ya mipira kwa wiki, hilo halikubaliki. Niliandika kwa waliotengeneza, nikaambatanisha picha na risiti, na jibu likachukua karibu wiki tatu, nalo lilinishauri nisome maelezo ya utunzaji. Siitaji kampuni hiyo kwa sababu lengo langu hapa ni aina ya glavu, na wazazi wenzangu wawili wamenunua za watengenezaji wengine na kukutana na tatizo lilelile la kamba. Hatimaye nilinunua kamba ya ngozi kwa dola chache, nikaishona mwenyewe kwa sindano butu, na imeshika hadi leo. Ukinunua glavu ya namna hii, nunua na kamba ya akiba siku hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakuniambia na ningependa ungeambiwa. Glavu hii haifai kwa mipira iliyopigwa kwa nguvu. Katika mwezi wa pili wa mazoezi mwanangu, akijiona ameiva, aliingia nayo uwanjani rafiki yake akiwa anapiga kwa gongo zima, na mpira ukamkuta kwenye ncha za vidole. Kidole cha kati kilivimba siku nne. Kosa lilikuwa letu. Ngozi hiyo ni nyembamba na vidole viko karibu na ukingo. Ni ya mipira mifupi, ya kurushwa au ya kupigwa taratibu kutoka karibu, na mazoezi yakiisha inarudi mfukoni, na glavu ya kawaida inavaliwa. Kubadilisha huko kwenyewe kuna faida yake, kwa sababu mtoto akivaa tena ile ya inchi 11.5 anaiona kama sinia.

Pia angalia mkono. Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na wazazi wapya wengi hukosea hapo. Ikiwa mtoto wako anarusha kwa kushoto, fahamu kwamba katika eneo la ndani la uwanja atawekwa karibu daima bezi ya kwanza, kwa kuwa kutoka bezi ya pili au ya tatu angelazimika kugeuza mwili wote kabla ya kurusha kwenda bezi ya kwanza. Zoezi la magoti litamfaa vilevile, maana mipira mibaya ya chini huishia mikononi mwa mtu wa bezi ya kwanza kuliko mwingine yeyote, lakini glavu ya anayerusha kwa kushoto ni adimu madukani na utalazimika kuiagiza.

Nimeulizwa na rafiki kama si afadhali fedha hizo ziende kwenye gongo jipya. Kwa mtoto wa miaka 8 au 9 ningemwambia asinunue vyote viwili, amwache mtoto acheze. Kwa mwenye miaka 11 na kuendelea, anayetaka kweli kusimama ndani ya uwanja, jibu langu ni la Marcus Semien. Mwaka 2015 Semien alikuwa kijana anayesimama kati ya bezi ya pili na ya tatu huko Oakland, na msimu huo aliandikiwa makosa 35 ya udakaji, idadi ambayo humfanya mchezaji achekwe na mashabiki wake mwenyewe. Mwezi wa Mei mwaka huo Oakland walimrudisha Washington, aliyekuwa amejiuzulu umeneja wa Texas mwezi wa Septemba 2014. Mzee akamchukua kijana, wakaanza upya: magoti, glavu ndogo, mipira mifupi, kila siku. Mwaka 2021 Semien alishinda Glavu ya Dhahabu akiwa bezi ya pili Toronto. Mwaka 2023 alikuwa bezi ya pili hapa kwetu Texas, timu iliponyakua ubingwa wake wa kwanza, na katika mechi ya mwisho ndiye aliyepiga mpira uliovuka ukuta katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Gongo analo, tena zuri. Lakini bila mikono iliyotulia asingepewa nafasi ya kulitumia kila siku.

Kwetu sisi wa Arlington ubingwa huo ulikuwa na uchungu ndani yake, na naomba niseme kwa nini. Washington ndiye aliyeifikisha timu hii fainali ya World Series kwa mara ya kwanza katika historia yake, mwaka 2010, ikashindwa na San Francisco. Mwaka 2011 akairudisha. Tarehe 27 Oktoba, mechi ya sita, huko St. Louis, timu ilibakiza mrusho mmoja tu mzuri ili iwe bingwa, si mara moja, bali mara mbili, katika awamu ya tisa na ya kumi, na mara zote mbili ubingwa ukaponyoka. Nilikuwa zamu ya usiku, tukiitazama kwenye runinga ya chumba cha wafanyakazi, na mwenzangu mmoja kutoka Lubumbashi, ambaye hakujua hata kanuni za mchezo, alinishika bega bila kusema. Mechi ya saba nayo ikapotea. Washington alikuwa na msemo wake ambao mji mzima uliuchapisha kwenye fulana, kwamba ndivyo besiboli inavyokwenda. Usiku ule haukunifariji hata kidogo. Aliondoka Texas akiwa na ushindi 664, mwingi kuliko wa meneja yeyote aliyewahi kuiongoza timu hiyo, na bila pete ya ubingwa.

Pete aliipata Atlanta. Tarehe 2 Novemba 2021, mjini Houston, Braves walipokuwa wamebakiza kumtoa mtu mmoja ili wawe mabingwa, Yuli Gurriel aliupiga mpira chini ukamwendea Dansby Swanson. Ulikuwa mpira wa kutambaa, wa aina ileile ambayo Swanson alikuwa ameidaka akiwa amepiga magoti mara zisizohesabika mbele ya Washington. Akaudaka, akautoa, akamrushia Freddie Freeman bezi ya kwanza, mikono miwili iliyopita katika darasa moja, na kocha wao akiwa hatua chache tu kutoka hapo. Nimemwonyesha mwanangu tukio hilo mara nyingi, nikilisimamisha pale glavu ya Swanson inapofunguka. Msimu uliofuata Swanson alishinda Glavu ya Dhahabu.

Mwaka 2024 Washington, akiwa na miaka 71 msimu ulipoanza, alikuwa meneja tena, safari hii Los Angeles Angels. Timu ilishindwa mechi 99 mwaka huo, na katikati ya msimu wa 2025 aliacha majukumu kwa sababu ya afya ya moyo wake na kufanyiwa upasuaji. Siwezi kusema kwamba umeneja wake huko ulifanikiwa. Kazi aliyozaliwa kuifanya, kwa maoni yangu, ni ile ya kusimama mbele ya mtu mmoja aliyepiga magoti.

Kwa hiyo, je, ninaipendekeza glavu hii? Ninaipendekeza kwa mzazi ambaye yuko tayari kurusha mpira dakika 15 kila jioni, siku nne au tano kwa wiki, kwa angalau miezi miwili, na ambaye mtoto wake anakubali kuonekana akiangusha. Ukiinunua ukampa mtoto kama zawadi na kumwambia akacheze, itakaa chini ya kitanda, nami ningekushauri dola hizo umnunulie viatu. Ubora wa kazi ya mikono naupa alama tatu kati ya tano kwa sababu ya kamba na mshono. Huduma baada ya mauzo ni moja. Kwa kile inachomfundisha mtoto, ni tano bila shaka.

Mwezi uliopita kocha wa timu yetu alimhamisha mwanangu kutoka sehemu ya nyuma ya uwanja, mbali na bezi, ambako huwapeleka watoto wasioaminika mikono, akamweka bezi ya pili. Katika mechi ya kwanza mpira ulimjia chini, ukadunda vibaya kwenye kokoto mbele yake na kubadilisha njia. Nilifumba macho. Nilichosikia ni ule mlio wa chini, mzito, na nilipofumbua mpira ulikuwa umeshatoka glavuni mwake, uko njiani kwenda bezi ya kwanza.